Mabamba ya Lwangiko

Gurudumu lilikuwa pana kuliko daraja. Hilo lilijulikana tangu siku liliposhushwa bandarini, na hakuna aliyekosa usingizi kwa ajili yake, kwa sababu miaka hiyo daraja jembamba halikuwa tena kitu cha kusimamisha lori.

Tusekile Mwakalobo aliegemea boneti ya gari lake dogo kwenye ukingo wa mto Lwangiko, kioo chake cha kazi mkononi. Alikuwa mpanga njia wa kampuni ya Mabega, na kazi yake ilikuwa kupitisha pasipopitika malori yaliyobeba vitu visivyoweza kukatwa vipande. Safari hii kitu chenyewe kilikuwa gurudumu la mtambo wa umeme, chuma kitupu cha upana wa mita saba, kinapelekwa Bwawa la Kipwele. Daraja la Lwangiko, kutoka ukingo hadi ukingo, lilikuwa mita sita.

"Onyesha njia," alisema.

Kioo kikachora mistari mitatu. Mfumo huo ulikuwa na jina refu la kiserikali, lakini madereva waliuita Ramli, kwa kuwa ukiulizwa ulitazama mambo yasiyoonekana kwa macho, maji ya chini ya ardhi, mteremko, uzito, upepo, kisha ukatoa jibu ambalo watu hawakulibishia. Mstari wa kwanza ulikatiza uwanja wa shule na kutaka zahanati ya kijiji ibomolewe. Wa pili ulirudi hadi Makambako na kuzunguka nyuma ya milima, ambako barabara isingepitika hadi mvua za mwaka huo ziishe. Wa tatu ulishuka taratibu mtoni, ukavuka penye kina kifupi, ukapanda ng'ambo juu ya shamba moja, na kurudi kwenye lami.

"Napendekeza wa tatu," Ramli ikasema kwa sauti yake isiyo na haraka. "Mmiliki mmoja. Athari ndogo kuliko zote."

Nyuma ya Tusekile gari la kigando, dawa ya kugandisha udongo, lilikuwa limeshaanza kazi kwenye ukingo wa mto, ardhi ya serikali isiyolimwa. Mkono wake mrefu ulitema kimiminika cha kijivu juu ya tope, na tope likanywa. Kassian Mtweve, dereva wa lori kubwa, alimimina chai kutoka kwenye chupa yake akitazama. Chai ilikuwa haijapoa alipotembea juu ya lile tope na kulikanyagakanyaga kwa buti. Lilikuwa jiwe, na chini yake udongo ulikuwa umeshikana hadi kina cha kiuno cha mtu mzima.

"Linabeba," alisema.

Ndivyo barabara zilivyoacha kujengwa zikaanza kumwagwa. Mitambo ya hospitali, mashine za migodi, matangi ya maji, vyote vilifika mahali ambako zamani vingeishia kwenye kona ya kwanza. Kigando kilidai bei moja tu: kilipopita, hapakuota kitu. Wataalamu walisema ardhi ingerudia hali yake baada ya misimu minane. Wakulima waliita sehemu hizo maganda, na kwa kuwa kigando chenyewe kilikuwa na misimu mitano tu nchini, hakukuwa na mtu aliyekwisha kuona ganda likirudi kuwa shamba.

Sheria ya Upito haikumruhusu mwenye ardhi kukataa. Ilimpa fidia mara tatu ya thamani, na ilimpa kitu kimoja zaidi: mpanga njia lazima asimame juu ya ardhi yenyewe na kumwambia mwenyewe, kwa mdomo wake, kabla tone la kwanza halijaanguka. Wengi wa wenzake Tusekile walitimiza sheria hiyo mguu mmoja shambani na mwingine ndani ya gari. Yeye alikuwa akienda kwa miguu yote miwili. Aliamini kazi yake ni nzuri, na mtu anayeamini hivyo haoni sababu ya kukimbia.

Alivuka daraja akaenda kumtafuta mwenye shamba.

*

Otilia Ngailo alikuwa mwanamke wa miaka kama sitini, mrefu, mwenye sauti iliyozoea kusikika mwisho wa shamba. Mlangoni mwa shamba lake paliwekwa karai la maji yenye dawa, na Tusekile aliponyanyua mguu kuingia alisimamishwa.

"Osha buti kwanza. Zote mbili, na nyayo."

Tusekile akaosha. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kumwaga?"

"Ndiye mimi. Naitwa Tusekile. Sheria inanitaka nisimame hapa nikwambie kwamba..."

"Sheria imekutaka usimame. Mimi nakutaka ukae." Akamsogezea ndoo iliyopinduliwa. "Kaa, mwanangu, maana maneno yangu si ya kusimamia."

Tusekile akakaa. Shamba lilikuwa la viazi mviringo, matuta yamenyooka, majani yote yamekwisha kukatwa. Otilia aliingiza mikono kwenye tuta akatoa viazi vitatu vya ukubwa wa yai, akavifuta kwa kanga.

"Hivi si vya kupika. Ni mbegu. Nilifanya kazi kituo cha utafiti miaka mingi kabla sijarudi hapa, na nilirudi kwa sababu ya huu udongo." Akapiga ardhi kwa kiganja. "Unaujua mnyauko?"

"Ugonjwa wa viazi."

"Ugonjwa wa ardhi. Ukishaingia shambani hautoki. Kiazi kinaonekana kizima, unakipanda kwako, na wewe umeshaupeleka. Bonde lote hili unaloliona limeshikwa. Nimepima mashamba huku na kule hadi nikachoka, na lililobaki safi ni hili. Vijiji vya juu kule kote wanapanda mbegu inayotoka hapa. Sasa niambie ulichotumwa."

Tusekile akamwambia. Hakupunguza neno. Alitaja bwawa, gurudumu, na hospitali ya Kipwele ambako jenereta lilizimika mara kwa mara na wauguzi wakazalisha kwa tochi za simu. Akataja fidia.

Otilia alisikiliza hadi mwisho. "Mimi siukatai umeme," alisema. "Binti yangu alijifungulia Kipwele, na tochi unayoisema niliishika mimi. Lakini hiyo fidia, mnanilipa mara tatu ya kitu gani? Nikitoka na hela mkononi nitakwenda duka lipi kununua udongo usio na mnyauko?"

 Tusekile aliangalia matuta, kisha mto, kisha lori ng'ambo, kubwa kuliko kanisa la kijiji. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sauti ya kazi.

"Viazi hivi vikichimbwa kesho, vinafaa mbegu?"

"Majani nimeshakata, ngozi inakaza. Bado kidogo. Lakini ukivishika kama mayai vitafaa. Kwa nini?"

"Basi kinachozuia si viazi. Ni udongo peke yake."

"Ndicho ninachokwambia tangu ulipokaa."

Kwenye yadi ya Mabega huko Makambako, mahali pa kuegesha malori pametandikwa mabamba makubwa yaliyokatwa kutoka njia za zamani za kigando. Kikishaganda, kigando hakitoi chochote tena kwenye udongo. Unaweza hata kukitumia kujengea kisima. Tusekile alikuwa akiyakanyaga mabamba hayo kila siku akienda ofisini. Sasa aliyaona yamelala hapa, juu ya nyasi kavu, juu ya udongo wa Otilia, lori likipita juu yake polepole, na kreni ikichukua ya nyuma na kuyaweka mbele, hadi mwisho wa shamba.

Alisimama akajikung'uta.

"Mama, naomba unipe hadi jioni. Nikifanikiwa, hakuna hata tone litakalomwagwa hapa."

"Unaahidi?"

"Naahidi."

*

Injinia Shedrack Luhanga, mkuu wake, alimsikiliza kupitia kioo kutoka Makambako, kidevu mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyewahi kuona lori likianguka.

"Ramli inasemaje?"

"Iulize mwenyewe."

"Kupita juu ya mabamba," Ramli ikasema, "uwezekano wa gurudumu kuanguka ni mmoja kati ya ishirini. Kupita juu ya kigando kilichomwagwa, chini ya mmoja kati ya elfu kumi."

Luhanga alinyanyua mikono. "Umesikia. Gurudumu hili limetengenezwa kwa miaka mitatu, Tusekile. Likibingirika mtoni, wilaya nzima inarudi kwenye giza kwa miaka mingine mitatu. Utaziambia nini familia za Kipwele? Kwamba kulikuwa na shamba la viazi?"

Swali lilikuwa la haki, na Tusekile alilibeba kama la haki. Alizima kioo akatembea kando ya mto. Ramli haikuwa inadanganya. Mmoja kati ya ishirini si kitu cha kuchezea, na wanawake wa Kipwele hawakuombwa ruhusa ya kuingizwa kwenye bahati nasibu hiyo. Kwa upande mwingine, Otilia naye hakuombwa ruhusa. Sheria ilikuwa imempa adabu ya kuambiwa, basi. Kwa miaka mitano Tusekile alikuwa amewaambia watu wengi, akiwatazama machoni, na akaridhika kwamba kutazamana ndiyo heshima yenyewe.

Akafungua kioo tena.

"Ramli, ulipopima athari za njia ya tatu, upande wa shamba ulihesabu watu wangapi?"

"Mmoja. Mmiliki."

"Na wanaopanda mbegu yake?"

"Hawamo ndani ya eneo la upito."

"Upande wa bwawa umehesabu wangapi?"

"Wote watakaopata umeme."

Tusekile alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Mashine haikuwa na kosa. Ilihesabu ilichofundishwa kuhesabu: upande mmoja wilaya, upande mwingine jina moja kwenye hati ya ardhi. Akampigia Luhanga.

"Nachukua njia," alisema.

 Maneno hayo mawili yalikuwemo kwenye sheria, na wapanga njia waliyajua kama watu wanavyojua mahali kilipo kizima-moto. Anayechukua njia anaiondoa mikononi mwa Ramli na kuiweka kwenye jina lake. Mzigo ukianguka, leseni yake inakwenda, na mahakamani anakwenda yeye.

"Una hakika?" Luhanga akauliza.

"Nina hakika kwamba hesabu haijakamilika. Na nina hakika na Kassian. Nipe mabamba yote ya yadini."

"Nitakupa," Luhanga alisema hatimaye. "Lakini gari la kigando litasimama pembeni ya shamba, limejaa, mkono umenyooshwa. Na swichi utaishika wewe."

*

Walichimba viazi kwanza. Walikuja watu wa vijiji vya juu, wale wasiokuwemo kwenye eneo la upito, na majembe yao hayakuguswa. Otilia aliwataka watumie mikono. Madereva na mafundi nao waliinama kwenye matuta. Mabamba yalipofika, Otilia aliyakagua kama mwalimu wa zamu.

"Yaoshwe."

"Mawe yaoshwe?" Kassian akauliza.

"Yametoka kwenye yadi iliyokanyagwa na malori ya nchi nzima. Unajua yameleta udongo wa wapi? Yaoshwe. Na magurudumu ya hilo lori lako, yote."

"Mama, nimevuka mipaka mingi na hili lori. Sijawahi kuambiwa nilioshe miguu ndipo niingie."

"Ndiyo maana mnyauko umefika kote ulikofika wewe," Otilia akasema, na watu wakacheka, Kassian mwenyewe akicheka kuliko wote. Akaenda kutafuta bomba la maji.

Siku ya kuvuka ilipambazuka na mawingu juu ya milima, bado mbali. Lori lilivuka mto bila tabu, likapanda ukingo, likaweka magurudumu ya mbele juu ya bamba la kwanza. Tela lilikuwa na ekseli nyingi na kila moja ilijipinda na kujiinua yenyewe, kwa hiyo mzigo ulibaki sawa kama maji kwenye bakuli hata chini pasipokuwa sawa. Kassian aliliendesha kwa mwendo wa mtu anayesukuma kitoroli cha mgonjwa. Kreni ilinyanyua bamba la nyuma, ikalizungusha, ikalilaza mbele. Lori likasogea. Bamba likaletwa. Lori likasogea.

Tusekile alitembea ubavuni, kinyumenyume, swichi mkononi na macho kwenye udongo. Nyasi kavu zilizotandazwa chini ya mabamba zilisagika, udongo ulibonyea, lakini mabamba yalipoondolewa udongo ulikuwa udongo. Otilia alikuwa anafuata nyuma, akiinama kila mahali, akiuvunjavunja kwa vidole.

Nusu ya shamba ikapita. Kisha robo tatu.

Mlio ulipotoka, ulikuwa mdogo, kama kijiti kikavu. Bamba la upande wa mto, chini ya ekseli za katikati, lilikuwa limepasuka toka kona hadi kona, na nusu yake moja ikaanza kuzama. Tela likajaribu kujirekebisha, likanyoosha miguu ya upande ule hadi mwisho, na halikuwa na zaidi ya kunyoosha. Gurudumu la chuma, lililokuwa limelala sawa tangu bandarini, likaanza kuinamia mto.

"Dada." Sauti ya Kassian redioni ilikuwa tulivu mno. "Linakwenda."

"Jeki?"

"Jeki itasimama juu ya nini? Chini hakuna kitu kigumu. Mwaga."

Tusekile aligeuka. Otilia alikuwa amesimama hatua chache nyuma yake, donge la udongo mkononi, na alikuwa ameona yote. Wakatazamana. Tusekile alifungua mdomo kumwomba, akatambua kwamba ombi ambalo haliwezi kukubali jibu la hapana si ombi.  Alibonyeza swichi.

Mkono wa gari la kigando ukashuka. Kimiminika cha kijivu kikatiririka chini ya bamba lililopasuka, kikaenea, kikanywewa. Kwa muda ambao hakuna aliyepumua, tela liliendelea kuinama. Kisha likasimama. Kisha ardhi chini yake ikalia, mlio wa jiwe, na ekseli zikapata pa kusukumia. Gurudumu likarudi sawa polepole vilevile kama lilivyoinama.

"Limeshika," Kassian akasema, na safari hii sauti yake ilitetemeka. "Nasogea?"

"Sogea. Usisimame tena hadi lami."

Hakusimama. Lori lilipopanda barabarani watu walipiga vigelegele, honi zikalia, na Kassian akateremka akakaa chini palepale kwenye lami.

*

Tusekile hakwenda kushangilia. Alirudi shambani. Kipande kilichokufa kilikuwa pembeni, upande wa mto, kijivu na kinachong'aa, kikubwa kama nyumba ya vyumba viwili. Otilia alikuwa amesimama pembeni yake.

"Uliahidi," alisema.

"Niliahidi. Na nimevunja. Ningekuomba, lakini usingekuwa na nafasi ya kunikatalia, kwa hiyo nikaona nisikufanyie mchezo."

"Ningekuambia mwaga."

"Sikujua hivyo. Na ningemwaga hata kama ungesema usimwage. Nataka ulijue hilo."

 Hasira ya Otilia ilikuwepo, wala hakuificha. Ilikuwa mdomoni na kwenye mabega. Lakini alikuwa mtu aliyeishi na ardhi, na macho yake yalikuwa yameshaanza kupima.

"Sehemu yote hii nyingine imepona," alisema. "Nimeikagua. Nitaipumzisha msimu mmoja na maharage, halafu nitarudisha mbegu." Akapanda juu ya lile ganda, akatembea hadi mwisho wake, akarudi akiburuta kisigino kama fundi anayetafuta pembe mraba. "Viazi mlivyonichimbisha mapema vinataka ghala la baridi, na mimi ghala la namna hiyo sina. Hapa chini panya hapiti, maji hayapiti, mnyauko hauna pa kukaa. Ni msingi. Upande wa mto ukuta utakuwa mfupi, lakini ni msingi."

Akaangalia mabamba yaliyokuwa yamelala shambani kote, mafundi wakijiandaa kuyapakia.

"Na hayo mnarudi nayo?"

"Ni mali ya kampuni."

"Mabamba mazuri kama hayo, yameshaoshwa, mkayatandike yadini yakanyagwe na malori machafu. Ghala linataka mlango wa kuingizia mzigo, na mlango unataka kizingiti. Na pale kwenye geti langu pana tope kila masika."

Tusekile alitoa kioo chake akampigia Luhanga. Uso wa Injinia ulitokea umejaa nafuu. Alikuwa ameshapata habari za lori.

"Gurudumu limepita," Tusekile akasema. "Bamba moja lilipasuka. Nimemwaga kigando kwenye kona ya shamba baada ya kuahidi kwamba sitamwaga. Andika hivyo hivyo, usipambe. Halafu weka mbegu ya mama Ngailo kwenye hesabu ya Ramli, vijiji vyote, kimoja kimoja, kabla ya mzigo ujao. Na naacha mabamba sita hapa."

"Sita? Kwa ruhusa ya nani?"

Otilia alikuwa ameshamwita mwendesha kreni na kumwonyesha kwa mkono mahali pa kuliweka la kwanza.

"Yangu," Tusekile akasema, akaenda kuwasaidia kulinyoosha.